Chumba cha Kutisha Hupimwa kwa Mwoga Wenu

Kitendawili! Nyumba yangu haina mlango. Mtoto yeyote wa pwani anajua jibu ni yai, na karibu kila mmoja alishindwa siku ya kwanza, akaambiwa "nipe mji", akatoa Mombasa nzima bila kusita, kisha akalisikia jibu na kujipiga kipaji cha uso kwa jinsi lilivyokuwa wazi. Mimi nimeingia nyumba zisizo na mlango mara 37 hadi sasa, na zote nimezilipia kiingilio.

Vyumba vya kutoroka, au vyumba vya mafumbo kama tunavyoviita nyumbani kwangu, ni mchezo mchanga. Takao Kato na kampuni yake ya SCRAP waliuanzisha Kyoto, Japani, mwaka 2007. Mwaka 2011 Attila Gyurkovics akafungua ParaPark mjini Budapest, na baada ya hapo haikuchukua muda Ulaya nzima ikawa navyo. Mnaingia watu wanne au watano, saa inaanza kuhesabu dakika 60 kurudi nyuma, mnafumbua fumbo likafungua kisanduku, kisanduku kikatoa ufunguo, ufunguo ukafungua kabati, na nyuma ya kabati kuna njia. Vyumba vya kutisha ni tawi la mchezo huohuo lililokua mpaka likajitenga: giza, jeneza, mwigizaji anayepumua nyuma ya pazia.

Naishi Rotterdam, kwa hiyo sina haja ya kusafiri mbali. Katika tuzo ya TERPECA, inayopigiwa kura tangu 2018 na wachezaji waliokwisha kucheza vyumba vingi, Uholanzi, Uhispania na Ugiriki hutokea juu mara kwa mara, na vingi vya juu ni vya kutisha. Wenzangu ni wa nyumbani: mke wangu, binti yetu wa miaka 14, shemeji yangu, na mama yangu kila anapokuja kututembelea kutoka Tanga. Mama huingia na miwani yake na kanga yake, na binti yetu, ambaye mama humwita "mke mwenzangu", ndiye anayemshikia mkoba.

Watu wakisikia kwamba tunacheza mchezo huu huniuliza swali moja: chumba kinatisha kiasi gani? Hilo ni sawa na kuupima mchuzi kwa kuuliza umetiwa pilipili ngapi. Nikitoka chumbani mimi hujiuliza jingine: yule mwoga wetu alifanya nini humo ndani? Kama alijikunyata pembeni dakika zote 60 akisubiri mwisho, chumba ni kibovu, hata kama sisi wengine tulipiga mayowe mpaka koo zikatuuma. Kama alishika kitu, akavuta, akahesabu, akatuokoa huku magoti yanamgongana, hapo pana fundi.

Mwoga wetu ni shemeji. Alizaliwa Wete, na kila tunapopanga kwenda hutukumbusha kwamba yeye alikuwa mtoto Pemba mwaka 1995, wakati wa hofu ya jini popobawa, watu walipolala nje ya nyumba zao wamepangana kuzunguka moto kwa kuogopa kuingiliwa vyumbani. Aliyepita pale, anasema, hawezi kushtushwa na Mholanzi aliyejipaka unga. Hushtuka. Hushtuka kabati likifunguka, hushtuka nikikohoa.

Lakini kabla ya hofu kuna mlango. Tarehe 4 Januari 2019, katika mji wa Koszalin, Poland, wasichana 5 wa miaka 15 waliokuwa wakisherehekea siku ya kuzaliwa walikufa kwa hewa ya sumu ndani ya chumba cha aina hii, baada ya moto kuwaka upande wa nje na wao kukosa njia ya kutokea. Serikali ya Poland ilituma wakaguzi nchi nzima, na vyumba kadhaa vikafungwa. Tangu hapo sioni haya kuonekana mshamba pale mapokezini. Huuliza: umeme ukikatika, mlango unafanya nini? Sisi tuliokulia katika mgawo wa umeme swali hilo hutujia lenyewe. Jibu linalotakiwa ni kwamba unafunguka. Kufuli la sumaku hushikiliwa na umeme. Umeme ukiondoka, sumaku inaachia, na kitufe cha dharura kilichowekwa ndani hufanya kazi hiyohiyo kwa kuukata umeme. Vyumba vizuri siku hizi haviufungi kabisa mlango mlioingilia. Anayetaka kutoka anausukuma tu. Msimamizi akilicheka swali lako, au akikuambia usiwe na wasiwasi kwa sababu ufunguo anao yeye mfukoni, chukua koti lako uende zako.

Msimamizi anayeijua kazi yake hukuonyesha njia ya dharura kabla hujauliza. Hukupa neno la kusema ukitaka mchezo usimame. Huuliza kama yupo mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye mimba, au mwenye kifafa, maana taa za kumetameta zinaweza kumwangusha. Hueleza kama mwigizaji atawagusa au hatawagusa. Vipo vyumba vinavyomruhusu kila mchezaji achague kiwango chake: asiyetaka kusumbuliwa huvaa alama, na mwigizaji humpita kama hakumwona. Ukienda na familia, hicho peke yake chatosha kukufanya ulipe zaidi.

Mapambo nitayapita upesi, maana ndiyo yanayowahadaa wengi. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: pango la mawe likilia kama boksi tupu, umeshajua. Nusa: chumba cha wafu kinachonuka rangi mpya hakijakamilika. Tafuta vibandiko vya "usiguse" kwenye soketi, kwenye dari, kwenye picha ukutani. Kila kibandiko ni ungamo la mbunifu kwamba ameacha kitu mahali ambapo mchezaji ana haki ya kukidhania fumbo, na badala ya kukiondoa akakibandikia karatasi. Halafu tazama uchakavu. Nimewahi kufungua mlango wa siri bila kufumbua chochote, kwa sababu kati ya vitufe tisa vitatu vilikuwa vimeng'arishwa na vidole vya waliotutangulia.

Giza linahitaji neno refu zaidi. Ni kiungo rahisi kuliko vyote, ndiyo maana hutumiwa vibaya kuliko vyote. Giza la haki huficha kinachotisha. Giza la ujanja huficha namba. Mkipewa tochi moja kwa watu watano na karatasi yenye maandishi madogo kama sisimizi, mtu mmoja anacheza na wanne wanasimama wakigusana mabega. Mama, mwenye miaka 68, alinifundisha kulipima jambo hili. Akilazimika kuuliza "hapa pameandikwa nini?" zaidi ya mara mbili, mbunifu ametumia giza kufidia ufupi wa mafumbo yake. Mahali penye kusomwa paachiwe mwanga, hata wa mshumaa. Giza litungojee mlango wa pili.

Na mafumbo yenyewe? Hapa sisi tuliolelewa na vitendawili hatuhitaji kufundishwa. Kitendawili kizuri kikishafumbuliwa, aliyeshindwa husema "kumbe!" Kibaya husababisha ubishi. Nyumba yangu haina mlango: ukiambiwa yai unaiona nyumba, unauona ukuta mweupe, unakubali kwamba uliibiwa kwa haki. Baada ya mchezo, mwombe msimamizi awaeleze fumbo lililowashinda. Wote mkiguna "kumbe!" kwa pamoja, limetungwa na fundi. Akieleza mara ya tatu na bado mnatazamana, limetungwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kufungua biashara.

Makufuli ya namba nayo yana siri yake. Kufuli la tarakimu 4 lina michanganyiko 10,000, kwa hiyo hakuna wa kulibahatisha. Lakini chumba chenye makufuli sita yanayofanana kinawageuza kuwa makarani: mkipata namba, mnazunguka nayo kuijaribu kwenye kila kufuli, na hofu yote imekwisha kwa sababu hakuna mzimu unaoweza kumtisha mtu aliye katikati ya kazi ya ofisi. Fundi hufanya moja kati ya mawili. Ama makufuli yanatofautiana, hili la herufi, hili la mishale, hili la ufunguo. Ama fumbo lenyewe linaonyesha linakoelekea. Ninachokipenda zaidi ni sumaku inayoachia mbali. Mmeweka kitu mahali pake, mnasikia "tak!" nyuma yenu, hamjui ni wapi. Katika chumba cha kawaida hilo ni kosa. Katika cha kutisha, mlango unaofunguka mgongoni mwako ni zawadi.

Mkikwama mnaomba msaada, yaani mnatoa mji. Hapo napo pana daraja. Kiwango cha chini ni sauti ya msimamizi kwenye redio ya upepo: "angalieni chini ya zulia." Mzuka wote unatoka. Kiwango cha juu ni msaada unaotoka ndani ya hadithi: simu ya kale inalia, mtoto analalamika kwamba mama amemfungia darini, nanyi mnaelewa kwamba hamjatazama darini. Aliyewasaidia amewatisha papo hapo, kwa gharama ya spika moja.

Sasa nirudi kwa mwoga, maana ndiye kipimo. Mwenye hofu hawezi hesabu. Sihitaji mtaalamu kuniambia hilo, nimemwona shemeji akishindwa kujumlisha 7 na 5 mbele ya jeneza. Lakini wataalamu wamelichunguza jambo linalokaribiana nalo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmaki, waliwafunga watu 110 vipima mapigo ya moyo na kuwapitisha katika nyumba ya kutisha mjini Vejle, na mwaka 2020 wakachapisha walichokiona: furaha hupanda pamoja na hofu mpaka mahali fulani, hofu ikizidi hapo furaha huanza kushuka. Tatizo la familia ni kwamba mahali hapo hapalingani. Pa binti yangu pako mbali sana, pa shemeji pako mlangoni. Mbunifu wa kawaida huchagua wastani na kuwakosa wote wawili. Fundi humpa kila mmoja kazi inayolingana na moyo wake: mafumbo mazito ya akili huyaweka mwanzoni, kukiwa na utulivu, na hofu inapoingia huwaachia kazi za mikono tu. Vuta, sukuma, tambaa, shikilia usiachie.

Chumba bora nilichowahi kuingia kilikuwa duka la fundi saa aliyefariki. Sikitaji, na nimebadilisha vitu viwili vitatu nisimharibie atakayekwenda. Dakika 20 za kwanza hapakuwa na cha kutisha hata kimoja. Duka lilikuwa na mwanga wa kutosha, saa zaidi ya arobaini ukutani, zote zinalia tiki-taka, na mafumbo yalikuwa magumu kwelikweli. La mwisho lilifumbuliwa na mama, asiyejua Kiholanzi hata cha salamu. Alisimama katikati, akafumba macho, kisha akanyoosha kidole: "Ile pale mishale inatembea, lakini haina sauti." Fumbo lisilohitaji lugha! Kwa familia kama zetu, ambamo bibi anazungumza Kiswahili, mjukuu Kiholanzi na baba anakorofisha vyote viwili, hiyo ni alama kumi kwa kumi.

Nyuma ya saa hiyo kulikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba hatukuombwa namba tena. Mezani palikuwa na kisanduku cha muziki chenye mkono wa kuzungusha. Juu ya dari kulikuwa na hatua za mtu. Binti yangu akazungusha mkono ule kwa kuchezacheza, muziki ukalia, hatua zikasimama. Akaacha, zikaanza. Hakuna aliyetueleza sheria, hakuna karatasi iliyoandikwa, na wote watano tuliijua ndani ya sekunde kumi. Kisha ngazi ya darini ikashuka yenyewe, na tukaelewa kwamba mmoja wetu lazima abaki chini peke yake akizungusha.

Shemeji ndiye aliyekuwa karibu na meza. Sikusudii kusema alijitolea. Alibaki kwa sababu kupanda kulikuwa kubaya zaidi. Sisi tukatambaa darini kutafuta magurudumu matatu ya saa, na kwa dakika kama saba maisha yetu yalikuwa mkononi mwake. Mkono ulipomchoka muziki ulizorota, nasi tuliusikia uchovu wake kwenye mbao: hatua moja, ya pili, karibu na kisogo changu. "Zungusha, shemeji!" mke wangu akapaza sauti. Alibadili mkono, akazungusha, huku anatuuliza kila baada ya nukta chache kama bado tupo. Hakuachia. Yule aliyekuwa juu hatukumwona hata mara moja mpaka tukatoka.

Katika kisa hicho, hofu ilikuwa na sheria, na sheria ilishikwa na mkono wa mwoga. Hata huko Chicago kulizuka mchezo wa namna hiyo, ulioitwa Trapped in a Room with a Zombie, ambamo zombi amefungwa mnyororo ukutani na kila baada ya dakika 5 mnyororo huongezwa futi moja. Ni ubunifu wa zamani sasa, na mafumbo yake ni ya kawaida, lakini mifupa yake ni imara: unaijua hatari, unaipimia hatua zake, na mwoga anaweza kuwa mlinzi wa mnyororo. Hofu isiyo na sheria ni kelele.

Na kelele nimeilipia pia. Kuna mahali tulipokwenda ambapo mwigizaji aliingia dakika ya tatu na msumeno wa petroli uliotolewa mnyororo, akaunguruma, akatoka, akarudi, akaunguruma, hivyo hivyo nusu saa. Hakuwa akimfuata yeyote wala kulinda chochote. Hakuna fumbo lililofunguka kwa sababu hakuna aliyemsikia mwenzake. Shemeji alisimama nyuma ya mlango wa kabati. Mama akavuta kiti, akajifunika kanga gubigubi, akaanza kusoma Ayatul Kursiy. Kijana wa watu akaja na msumeno wake mpaka mbele ya kiti, mama akafunua kanga kidogo, akamwambia kwa upole: "Mwanangu, punguza sauti." Sidhani aliyaelewa maneno. Aliuzima.

Mwigizaji fundi hutambulika kwa subira. Huwasikiliza kwanza, mkiwa hamjui kama yupo. Akishamtambua mwoga humwacha, kwa sababu anajua kwamba mwoga atajitisha mwenyewe bila malipo. Huenda kwa yule jasiri mwenye mdomo, aliyepinda mgongo juu ya kufuli akidhani ameachwa. Hatokei mara nyingi. Bibi aliyetusimulia hadithi za zimwi alijua hesabu hiyo: karibu na mlango wa zimwi alikuwa anashusha sauti, nasi tunasogea kumsikia, tunasogea, tumeshaingia mdomoni mwake wenyewe bila kusukumwa. Anayepaza sauti hukufanya urudi nyuma. Ukikuta kwamba mwigizaji amewafanya msogee, mpe heshima yake, na baada ya mchezo mpe mkono, maana kazi hiyo anaifanya mara sita kwa siku gizani.

Machache ya kukamilisha safari. Idadi nzuri ni wanne, hata tangazo likisema wanane. Mtoto asipelekwe kwa umri ulioandikwa tangazoni peke yake. Mwulize mwenyewe, na umwamini akikataa. Asiyetaka kuingia asidhihakiwe: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, wazee walishasema. Vaeni raba, acheni buibui refu nyumbani kama kuna kutambaa. Msiwasikilize waliokwisha kukicheza chumba hicho wakianza kuwapa majibu. Vyumba virefu vya Athens, vya saa mbili au tatu, msianze navyo. Ni karamu, na karamu huendewa na aliyekwisha kujua kula.

Mkitoka, msikimbilie kupiga picha ya ukumbusho. Kaeni kwenye kochi la mapokezi dakika tano na msikilize nani anasimulia. Jasiri akisimulia peke yake, chumba kilikuwa cha kawaida. Jioni ile ya fundi saa, shemeji alisimulia kuanzia mapokezi mpaka kwenye tramu, na kutoka tramu mpaka mezani, na mkono wake wa kulia haukunyanyua kijiko vizuri kwa siku mbili.

Mama amesharudi Tanga. Juzi kwenye simu alisema akija mwaka ujao ataingia tena kwa fundi saa, ila mkono wa kisanduku aushike yeye. Shemeji amekataa.